Kila Mgeni Ni Ndoo Mbili

Wasifu wa marehemu uliosomwa kanisani siku tuliyomzika Bibi ulikuwa na yote ambayo wasifu huwa nayo: alizaliwa, alibatizwa, alipata kipaimara, alisomea uuguzi, aliajiriwa, alistaafu, ameacha watoto, wajukuu na vitukuu. Kisha ikaja ile sentensi ambayo sidhani kama kuna msiba Tanzania umewahi kuikosa: "Marehemu alikuwa mcha Mungu na mkarimu kwa watu wote." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mama mdogo, aliyekaa benchi la mbele yangu, akageuza shingo kidogo akaninong'oneza: "Mkarimu kwa maji ya nani?"

Sikucheka, maana mpiga video alikuwa ametuelekezea kamera. Lakini swali lile ndilo limenifanya niandike haya. Sifa za Bibi zimeshasemwa na wengi, na ni za kweli. Ambacho hakikusemwa ni jinsi ukarimu wake ulivyofanyika siku hadi siku: nani aliamka, nani aliteka, nani alilala chini, na kwa nini yeye mwenyewe hakuona kama anafanya jambo la kusifiwa. Kwake ilikuwa kazi, tena kazi ya zamu, yenye utaratibu wake na ukali wake.

Nianze na maji, kwa heshima ya Mama mdogo.

Kwetu ni Ugogo, njia ya Mvumi, kusini mashariki mwa Dodoma mjini. Ni nchi ya mibuyu na miiba, yenye msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili kama mwaka ni mzuri. Miezi mingine mito ni mchanga mtupu. Mwanamke anashuka mtoni na kata yake, anachimba shimo mchangani mpaka maji yaanze kuchuruzika, halafu anakaa kusubiri. Anachota kidogo kidogo mpaka ndoo ijae. Kiangazi kikikolea shimo linakuwa refu kumzidi mchimbaji, na foleni inaanza jogoo hajawika. Ndoo moja inaweza kula asubuhi nzima.

Mama mdogo ndiye kitinda mimba. Dada zake walipoolewa, maji yakabaki yake. Hesabu yake ni hii: kila mgeni ni ndoo mbili. Moja ya kuoga, nyingine ya kupikia, ya kunywa, na ya kufulia shuka alilolalia. Akija na watoto, ongeza. Kwa hiyo sisi wengine tukisimulia kwa furaha jinsi nyumba ya Bibi isivyokosa mgeni, yeye anasikia uzito utosini. Alichelewa shule, akachapwa, kwa ajili ya watu ambao leo akipishana nao sokoni hawezi kuwatambua.

Majina yao, hata hivyo, yapo. Bibi aliyaandika yote.

Tulikuta makaunta buku kwenye sanduku lake la bati, chini ya khanga na Biblia. Kila ukurasa umepigwa mistari kwa rula, safu sita: Tarehe, Jina, Ametoka, Shida, Amepewa, Ameondoka. Yeyote aliyefanya kazi wodini anaujua mpangilio huo. Ni rejista ya wagonjwa. Bibi aliwaandikisha wageni wa nyumbani kwake kama wagonjwa waliolazwa. Naacha majina, lakini naomba uonje maandishi yake.

"Mama na watoto wawili, njia ya Mpwapwa. Njaa. Uji, siku ya pili ugali. Wameondoka na pishi ya mtama."

"Kijana, anatafuta kazi mjini. Kidonda mguuni, kinanuka. Maji ya chumvi, bendeji asubuhi na jioni. Ameondoka anatembea. Ameondoka na taulo."

"Mwalimu. Hasemi shida yake. Anakula vizuri." Huyu tarehe yake ya kuondoka iko kurasa mbili mbele.

Na hii ambayo sisi wajukuu tumeifanya msemo wa familia: "Kasisi na mkewe. Hawana shida. Chai."

Utaratibu huu aliutoa hospitali ya misheni ya Mvumi. Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoanzishwa mwaka 1927 chini ya Askofu George Chambers, wamisionari wake wengi walitoka Australia, wakiwemo wauguzi walioitwa masista ingawa hawakuwa watawa. Bibi aliingia pale miaka ya 1950, msichana wa kusugua sakafu. Sista mmoja akaona anavyokunja matandiko, akamhamishia wodini. Akajifunza kusoma pimajoto, kuhesabu mapigo ya moyo kwa saa, kuchemsha sindano za kioo, kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, kusikiliza mapigo ya mtoto tumboni kwa ile pembe ndogo ya mbao. Kabla ya hayo yote alijifunza kutandika kitanda. Mpaka uzeeni kitanda cha mgeni alikitandika kwa kona za hospitali, shuka limekazwa mpaka mgeni akijinyoosha vidole vya miguu vinabanwa. Ukitandika ovyo alilivuta shuka lote, akalidondosha, akatoka chumbani. Hakuongeza neno. Ulianza upya.

Pale pale Mvumi ndipo alipookoka. Ule Uamsho ulioanzia Rwanda, kwenye hospitali ya misheni ya Gahini, miaka ya 1930, ukapita Uganda na Bukoba, ulikuwa umeshafika Dodoma. Miongoni mwa sauti zake alikuwamo mwalimu kijana kutoka Kigezi, Festo Kivengere, aliyefundisha Dodoma tangu miaka ya 1940 na ambaye baadaye alikuja kuwa askofu huko kwao. Bibi alimsikia akihubiri. Alimsikia pia Yohana Omari, ambaye mwaka 1955 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwekwa wakfu kuwa askofu wa Kianglikana Tanganyika. Lakini akisimulia siku zile, mahubiri hakuyakumbuka sana. Alikumbuka watu wakirudisha vitu. Mtu alisimama katika ushirika akasema: nimeiba, nimesengenya, nimemchukia fulani. Kesho yake akaenda kwa huyo fulani mguu kwa mguu. Ndugu wakamwitikia kwa ule wimbo wa Kiganda, Tukutendereza Yesu, ambao Ugogo nzima waliuimba bila kujua Kiganda.

Bibi alirudisha mche wa sabuni. Alikuwa ameuchukua stoo ya hospitali kipande kwa kipande, kwa muda mrefu. Akanunua mzima kwa mshahara wake, akampelekea sista, akaeleza. Sista naye akakaa juu ya katoni la pamba, akamwambia kwamba kuna siku alimwita mvivu ilhali anaona wazi kuwa binti ana homa. Wakapiga magoti stoo mule mule, Mwaustralia na Mgogo. Halafu, Bibi aliongeza kila mara alipofika hapo, sista akaipokea sabuni na kuiandika kwenye leja.

Napenda sana hilo la leja. Toba ikiisha, hesabu nayo iandikwe. Bibi alibaki hivyo maisha yake yote. Sala zake zilikuwa fupi, na kama anahudumia mtu alisali macho wazi, kwa sababu, alisema, damu haisubiri amina. Watu wa kanisani waliotaka sala ndefu walikwenda kwingine. Waliotaka kulala walikuja kwake.

Wengi walikuja na watoto, na hapo ndipo uuguzi ulipoingia mlangoni kabla hata kiti hakijatolewa. Ugogo ni nchi ya vikope, ugonjwa ambao madaktari wanauita trakoma. Vumbi, nzi, maji haba, watoto wanalala pamoja na kufutwa nyuso kwa khanga moja. Mtoto anaambukizwa na kuambukizwa tena, kope linapata makovu kwa ndani, na akifika utu uzima linajikunja. Nywele zake zinaanza kukwaruza jicho kila anapopepesa, mpaka kioo cha jicho kinafifia na mtu anapofuka. Wilaya jirani ya Kongwa imefanyiwa utafiti wa ugonjwa huu tangu miaka ya 1980, na yaliyogunduliwa kule kuhusu kunawa uso yamefundishwa nchi nyingi. Bibi alikuwa ameshaanza zamani kwa kikombe.

Mtoto wa mgeni akimwamkia, Bibi alimshika kichwa kwa mkono mmoja, akamgeuzia uso kwenye mwanga wa mlango. Shikamoo haijaisha, marahaba haijatoka, yeye anaangalia makamasi na nzi. Kisha analipindua kope la juu juu ya kijiti cha kiberiti, kwa wepesi ambao mtoto alishtukia limesharudi. Akiona vipele, anamwita mama mtu. Mama mtu lazima aseme, "Lakini Sista, maji ya kunawisha nyuso tutoe wapi?" Hapo Bibi alichukua kikombe kimoja cha bati, akakijaza mbele yao wote. Akamnawisha wa kwanza kwa maji ya kiganja, kuanzia kona ya jicho ya ndani kwenda nje. Akatupa yale, akachota mengine kiganja. Wa pili. Wa tatu. Mama mtu mwenyewe. Akaingia kwa watoto wa jirani waliokuja kushangaa. Akamaliza, akamwonyesha maji yaliyobaki kikombeni. Akaning'iniza kibuyu chirizi kwenye mti wa uani, akatoboa tundu lake kwa msumari wa moto, akaziba kwa kijiti, akasema hiki ni cha nyuso tu, atakayeoshea miguu nitamjua.

Mama mdogo husema kwamba hayo ndiyo maji pekee ambayo hakuwahi kuyaonea uchungu.

Mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma. Wagogo waliozoea kukaa mbalimbali, kila kaya na tembe lake na zizi lake, wakahamishiwa vijiji vya ujamaa. Hilo lina makala yake, tena kali, na wazee wa kwetu bado hawajakubaliana kulihusu. Kwa Bibi, lililobadilika ni kwamba alipelekwa zahanati ya kijiji kipya, akapewa kabati la dawa, mizani ya watoto, na friji ya mafuta ya taa.

Sijawahi kuona mtu akilinda chombo kama Bibi alivyoilinda ile friji. Unawasha moto chini ili upate baridi juu, jambo ambalo watoto wa kijiji hatukulikubali mpaka tulipoigusa. Utambi ukikatwa sawa, moto unakuwa wa buluu na friji inafanya kazi. Utambi ukipinda, moto unageuka njano, masizi yanaziba bomba, na asubuhi chanjo zimeharibika bila kukuonyesha dalili yoyote. Chupa ni zile zile, maji ni yale yale. Ya surua ni moja ya zile zisizovumilia joto. Na surua, katika vijiji ambavyo watu walikuwa wamesogezwa pamoja ghafla, haikuwa ugonjwa wa kupuuza. Kwa hiyo Bibi aliamka usiku kuangalia rangi ya moto. Alikata utambi kwa mkasi wa kitovu uliostaafu. Mlango wa friji ulifunguliwa kwa sababu ya chanjo tu.

Nasema hivi kwa sababu watu wanadhani mkarimu ni mtu asiyejua kusema hapana. Kijiji kizima kilijua kuna baridi pale. Mwaka fulani wa joto alikuja mgeni mkubwa wa kanisa na msafara wake, akala, akashiba, akauliza kwa upole kama Sista hawezi kumpatia maji ya baridi kidogo. Bibi akamletea maji ya mtungi. Mgeni akacheka, akaonyesha kwa kidevu upande wa zahanati. "Yale ni ya watoto, Baba," Bibi akasema, akamjazia tena ya mtungi. Kwenye daftari siku ile ameandika: "Kiu. Maji."

Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya mwaka 1973 ilimkuta tayari. Kikundi cha kusikiliza kilikaa chini ya mti wake, vyoo vikachimbwa, na waliokuja kusikiliza redio wakabaki kula. Ndoo zikaongezeka.

Ukimuuliza kwa nini anapokea kila mtu, ungetegemea akujibu kwa Waebrania 13:2, "Msisahau kuwafadhili wageni." Aliijua, na mwaka mzima ilikuwa imebandikwa ukutani kwenye kalenda ya kanisa. Lakini jibu lake lilikuwa juu ya mama yake.

Vita Kuu ya Kwanza ilipita Ugogo ikikomba. Jeshi la Wajerumani lilichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Waingereza walipoingia mwaka 1916 nao wakahitaji vile vile. Kisha mvua ikakataa. Njaa iliyofuata Wagogo waliipa jina la Mtunya, na maelfu walikufa. Wazazi walipeleka watoto kwa watu wenye chakula na kuwaacha huko kama rehani. Mama yake Bibi alikuwa mmoja wao. Aliachwa kwenye kaya ya watu asiowajua kwa debe la mtama. Aliyemwacha hakurudi. Watu wale hawakumtesa na hawakumpenda sana, walimlisha. Alikulia pale, akaolewa kutoka pale. Bibi alisimulia habari hii bila kupandisha wala kushusha sauti, na akimaliza alisema, "Kama wangesema hatumjui, ningekuwa wapi?" Halafu akakuuliza wewe umekula nini.

Nchi hii ina utani wake, na Mgogo anajua utani uliomwangukia: kuomba. Tumetaniwa mabasini, maofisini, jeshini. Wajukuu wengine wa Bibi wakiwa mjini huona aibu wakakana hata kwao. Yeye hakuona aibu. Alisema aliyewahi kunyosha mkono anajua mkono ukinyoshwa unamaanisha nini, na wanaocheka ni kwamba mvua yao bado haijakataa. Alisema hivyo kwa watani wake wenyewe, akiwa amewakalisha mezani mbele ya mlenda na ugali wa uwele, na wakala.

Kuna jambo moja lililomletea maneno kanisani. Kuku wote wa nyumba ile walichinjwa na jirani Mwislamu, mwenye duka. Haijalishi nani atakula, sikukuu au siku ya kawaida, mtoto alitumwa na kuku kwapani mpaka kwa Mzee. Bibi hakutaka mgeni yeyote akaribishwe halafu aanze kuuliza maswali juu ya nyama, au, vibaya zaidi, asiulize akala mboga tupu akidai ameshiba. Ndugu wengine wa Uamsho walimfuata kumwambia kwamba anachanganya mambo. Aliwasikiliza. Aliwaandalia chakula. Walipokuwa wanakula kuku akawaambia nani kamchinja. Sijui kama huo ulikuwa ukarimu au ukorofi. Bibi alikuwa navyo vyote viwili.

Mzee yule ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika msibani, na alikaa mpaka matanga yakaisha.

Usiku ulikuwa na kazi yake nyingine. Nyumba ilikuwa njiani kuelekea hospitali, na wajawazito waliopanda baiskeli au mkokoteni mara nyingi walifika mpaka kwetu na uchungu ukakataa kuendelea na safari. Zahanati imefungwa, gari hakuna, karabai inawashwa. Kitanda kilichokuwa karibu na mlango kilikuwa cha Mama mdogo. Alikuwa anaamshwa, anapewa mkeka, anaambiwa aweke maji jikoni, na asubuhi anakuta godoro lake limeanikwa juani. "Kuna watu wazima mjini hapa," ananiambia, "wana magari, wana vyeo, wamezaliwa kwenye godoro langu. Hakuna aliyeninunulia lingine."

Usiku mmoja alishuhudia. Mtoto alitoka hapumui, rangi ya majivu. Bibi hakupiga kelele. Alimkausha kwa nguvu kwa kipande cha khanga, akamsugua mgongo, akamfuta kinywa kwa kitambaa alichokizungushia kidole. Kimya. Akamlaza kichwa kikiwa kimenyooka, akaweka mdomo wake juu ya mdomo na pua ya mtoto, akampulizia pumzi za shavuni tu, ndogo ndogo. Mama mdogo anasema alisahau ameshika taa mpaka ikamuunguza. Mtoto akakohoa. Bibi akampa mama yake, akageukia kondo la nyuma, na bila kugeuza kichwa akasema, "Taa, juu kidogo." Asubuhi mkunga wa jadi aliyemsindikiza mama yule alipewa chai, nyembe mpya na uzi, kama walivyopewa wakunga wote waliopita pale. Bibi alikuwa ameona pepopunda ya watoto wachanga waliokatwa kitovu kwa kitu chochote kilichokuwa karibu, na hakugombana na wakunga hata siku moja. Aliwapa nyembe.

Sasa nirudi kwenye swali la kanisani, maana Mama mdogo hakuliuliza bila sababu.

Akiwa darasa la saba, wakati wa kiangazi kikali, alirudi kutoka mtoni na ndoo ya pili akakuta wageni wengine wameingia. Mitihani ilikuwa karibu. Akaishusha ndoo polepole, isimwagike hata tone. Akavuta kiti cha wageni, kile chenye mto, akakaa. Akasema mbele ya watu wote: "Mama, na mimi leo ni mgeni."

Kwa nyumba zetu, mtoto kusema hivyo mbele ya wageni ni jambo la kumfanya ashike fimbo hata mama mpole, na Bibi hakuwa mpole. Alimtazama. Akaenda akachukua beseni na jagi, akaja akapiga goti, akamnawisha mikono. Akampa maji ya kunywa. Akamwandalia ugali na nyama pamoja na wale wengine. Jioni akamtandikia kitanda, kona zote nne. Ukurasa wa siku ile nimeuona. Kuna majina ya wageni watatu, kisha jina la Mama mdogo, kamili, la ubatizo na la baba yake. Ametoka: mtoni. Shida: amechoka. Amepewa: maji, chakula, kitanda. Safu ya Ameondoka imeachwa wazi.

Wiki ile katika ushirika Bibi alisimama. Alisema Petro ameandika, "Mkaribishane ninyi kwa ninyi, pasipo kunung'unika," na yeye amekuwa akiona fahari kwamba hanung'uniki, kumbe manung'uniko yote aliyapakia kichwani kwa mtoto. Alisema, "Nimemfanya mwanangu punda wa sifa zangu." Watu wakaimba wimbo wao wa Kiganda. Jumamosi akauza mbuzi, akaenda mnadani, akarudi na punda.

"Ndugu wengine wakitubu hulia," Mama mdogo husema. "Mama alinunua punda."

Ningependa kusema mambo yakawa mepesi tangu hapo. Kwa muda yalikuwa. Punda alibeba madumu manne kwa safari moja, Mama mdogo akafaulu, akaenda sekondari, akawa mwalimu. Lakini punda yule alikuwa anauma watu, na isitoshe, maji yalipoongezeka wageni nao wakaongezeka. Daftari la miaka ile ndilo nene kuliko yote. Na alipoondoka Mama mdogo, aliyemfuata punda mtoni alikuwa binamu yangu, ambaye naye ana maneno yake, nayo si ya kuandika hapa.

Uzeeni Bibi alikuwa mgonjwa msumbufu kupindukia. Aliwasahihisha wauguzi waliokuja kumchoma sindano, akawauliza wamenawa saa ngapi. Kila nilipokwenda kumsalimia aliniita "mume wangu", akanilalamikia kwamba mke mwenzake, yaani mke wangu, hanilishi. Mama mdogo alikuwa amestaafu, akamchukua akakaa naye Dodoma mjini, akamgeuza kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Alikufa bila kidonda kimoja cha mgongo. Wenye kazi hiyo wanajua maana yake.

Siku hizi nyumba ya Mama mdogo ndiyo imekuwa njiani. Tangu serikali ihamie Dodoma na hospitali kubwa za mjini zianze kupokea wagonjwa wa mikoa, hakuna wiki inayopita bila ndugu wa ndugu kuja kumuuguza mtu na kuhitaji mahali pa kulala. Anawapokea, lakini kwa masharti yake. Ukutani jikoni pana karatasi ya zamu: nani anaosha vyombo, nani anapiga deki, nani anapeleka uji hospitali asubuhi. Wageni wamo, wanaume wamo, mchungaji aliyelala pale mwezi uliopita alipangiwa vyombo vya jioni. Bomba liko uani na kila mtu anachota yake mwenyewe. Wengine wanasema amekuwa mkali, hafanani na mama yake. Nadhani hawakumjua mama yake.

Juzi alinipigia simu. Hakuuliza habari za kazi wala za watoto. Alisema kuna binti amekuja kujifungua na mama mkwe wake, na magodoro yamekwisha. Nikanunua godoro, nikamtumia. Jioni akapiga tena kunijulisha kwamba limefika, ni jembamba, na mimi nimewahi kufundishwa kutandika kitanda kwa hiyo nilipaswa kujua futi sita kwa sita haliingii kwenye kitanda cha tano kwa sita.